Pampu huamuru, bomba hutii: hesabu ya maji kati ya tangi kubwa la samaki na sampu

Kila anayejenga tangi kubwa la samaki lenye sampu hufika mahali akauliza swali lile lile: pampu yangu inapandisha lita 5,000 kwa saa, sasa nitafute bomba la kushushia lenye uwezo gani ili vilingane? Wengine hununua vali mbili, moja ya kupandia na moja ya kushukia, wakakaa sakafuni jioni nzima wakikaza hii na kulegeza ile, wakiitafuta nukta ambapo maji yanayopanda na yanayoshuka yatakuwa sawasawa. Hawaipati. Tatizo si mkono mzito. Wanasuluhisha ugomvi ambao haupo.

Sampu ni tangi la pili, aghalabu kwenye kabati chini ya tangi la maonyesho. Humo ndimo hukaa chujio, skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu), hita na kila kifaa ambacho hakuna anayetaka kukiona katikati ya samaki. Maji ya tangi la juu humwagikia ndani ya kisanduku chenye ukingo uliokatwa kwa kimo maalumu (nitauita kizingiti), kisha hushuka kwa bomba hadi sampu kwa uzito wake yenyewe. Pampu iliyo kwenye chumba cha mwisho cha sampu huyarudisha juu. Mzunguko wote ni huo.

Sasa chukua ndoo, ijaze hadi pomoni, iache chini ya koki. Fungua koki kidogo, ndoo inamwaga kidogo. Fungua zaidi, inamwaga zaidi. Funga, inaacha. Hakuna aliyeupima mdomo wa ndoo ili ulingane na koki. Tangi la juu ni ndoo hiyo hiyo. Lita moja ikiletwa na pampu, lita moja inavuka kizingiti, kwa kuwa haina pengine pa kwenda. Maji yanayoshuka hayana kasi ya kwao. Yanaazima ya pampu.

Kwa hiyo bomba la kushushia halitakiwi kuwa sawa na pampu. Linatakiwa liizidi, na kwa mbali. Likiwa na uwezo mara mbili ya mahitaji halitakausha tangi, maana haliwezi kuchukua maji ambayo hayajavuka kizingiti. Balaa ni likiwa na uwezo ule ule kamili, kwa sababu siku konokono mmoja akijikunja mdomoni mwa bomba, usawa wako umekwisha.

Hapo ndipo unapoona kwa nini wazo la kutumia pampu mbili, moja ya kupandisha na nyingine ya kushusha, ni baya hata pampu zikiwa pacha kutoka kiwanda kimoja. Tuseme zinatofautiana kwa asilimia 1 tu. Kwenye lita 4,500 kwa saa, hiyo ni lita 45 kila saa. Ukilala saa nane, lita 360 zimehama kutoka tangi moja kwenda jingine, au zimehamia sakafuni. Pampu haijui tangi lina maji kiasi gani. Kizingiti kinajua, na hakina hata waya.

Kizingiti kinajirekebisha, sifoni haijirekebishi

Ili tusizungumze hewani, tuchukue tangi la sentimita 200 kwa 70, lenye kimo cha sentimita 65. Hiyo ni lita 910 likijaa kabisa. Watu wengi siku hizi hupitisha kwenye sampu ujazo wa tangi mara tatu hadi tano kwa saa, na kazi ya kuvurumisha maji kati ya mawe na matumbawe huachiwa pampu ndogo za mawimbi zilizomo ndani ya tangi lenyewe. Kulazimisha mara kumi au ishirini kupitia sampu ni kununua kelele na umeme. Basi tuchague lita 4,500 kwa saa.

Katikati ya karne ya 19, mhandisi James Francis alipima maji ya mifereji iliyoendesha viwanda vya Lowell, Marekani, na kanuni aliyoiacha bado inatumika: maji yanayovuka kizingiti huongezeka kulingana na urefu wa kizingiti, na kulingana na kina cha maji juu yake kikipandishwa kwa kipeo cha moja na nusu. Kwa kizingiti cha sentimita 60, lita 4,500 kwa saa huvuka zikiwa na kina cha takribani milimita 11. Kama kizingiti kina meno ya kuzuia samaki, na meno hayo yamekula nusu ya nafasi, kina kinapanda hadi milimita 17 hivi.

Tazama kipeo hicho kinavyofanya kazi. Maji yakipanda milimita 1 tu juu ya zile 11, kiasi kinachovuka kinaongezeka kwa karibu asilimia 14. Yaani badiliko ambalo jicho halilioni linatosha kumeza tofauti kubwa ya pampu. Ndiyo maana tangi la juu hutulia lenyewe, pampu iwe mpya au imechoka.

Bomba chini ya kizingiti ni hadithi nyingine, na hapa ndipo wengi hupotea. Maji yanaweza kushuka ndani ya bomba kwa namna mbili. Ya kwanza, yanatambaa ukutani huku hewa ikipita katikati. Ya pili, yanalijaza bomba lote bila hewa, na hapo bomba linageuka sifoni inayovuta kwa nguvu ya kimo chote kuanzia uso wa maji kisandukuni hadi uso wa maji ya sampu. Tofauti ya uwezo ni kubwa. Bomba la inchi moja na nusu likiwa sifoni kamili kwenye kimo cha sentimita 80, likiwa na viwiko viwili, hupitisha kama lita 8,000 kwa saa. Bomba hilo hilo likishirikiana na hewa hufika kama lita 5,000, huku likikoroma kama mtu mwenye mafua. La inchi moja, hata likiwa sifoni, ni takribani lita 3,300, na la inchi mbili hupita 14,000. Hesabu hizi hubadilika kidogo kwa kila kiwiko unachoongeza, na kwa tundu la ndani la tangi konekta (kiungo kinachopitisha bomba kwenye kioo), ambalo mara nyingi ni jembamba kuliko bomba lenyewe. Pima tundu, usiamini maandishi ya pembeni.

Sifoni ni kimya, ina nguvu, na haisombi mapovu hadi sampu. Kwa nini basi tusiweke sifoni moja tukalala?

Kwa sababu haijirekebishi. Mwendo wa maji katika sifoni hufuata kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha kimo. Maji yakipanda sentimita 3 nzima kisandukuni, kutoka kimo cha 80 hadi 83, sifoni inaongeza chini ya asilimia 2. Linganisha na kizingiti: milimita 1, asilimia 14. Sifoni ikiwa na uwezo mkubwa kuliko pampu, itamaliza maji ya kisanduku, inywe hewa, ikate, maji yapande, ivute tena kwa mngurumo kama wa choo kinachovutwa, dakika baada ya dakika, usiku kucha. Ukiibana kwa vali hadi ikaribiane na pampu, kelele inaisha, lakini itabaki na upungufu wa asilimia moja au mbili kuelekea huku au kule. Kama ni huku, hewa inarudi. Kama ni kule, maji yanapanda polepole kisandukuni bila kusimama. Nukta kamili haipo, na hata ingekuwepo leo, kesho pampu imeota chokaa na nukta imehama.

Suluhisho ni la kupendeza. Unaibana sifoni kwa makusudi iwe pungufu kidogo, halafu unaweka bomba la pili, lililo wazi kwa hewa, kuchukua yale mabaki. Bomba hilo la pili linapitisha kijito tu, na maji yanayotiririka ukutani mwa bomba kwa kiasi kidogo hayatoi sauti. Mdomo wake nao ni kizingiti cha duara, kwa hiyo ndilo linalojirekebisha: pampu ikiongeza kidogo, kijito kinanenepa, ikipungua, kinakonda. Sifoni ni hamali anayebeba mzigo, bomba la pili ni karani anayesawazisha hesabu.

Mpangilio unaojulikana kwa jina la Herbie una sifoni yenye vali na bomba moja la dharura, ambalo baadhi ya watu huliachia kijito hicho. Ule wa BeanAnimal una mabomba matatu: sifoni, bomba la kijito, na la tatu ambalo hukaa kavu mwaka mzima. Ule wa kale wa Durso una bomba moja lenye kitundu cha hewa juu, na unafaa sana matangi madogo. Kwa tangi la kipimo hiki mimi sisiti: mabomba matatu. Bomba la tatu linagharimu tundu moja zaidi kwenye kioo, na tundu hilo haliwezi kutobolewa vizuri tangi likishajaa.

Mrija mdogo wa hewa wa BeanAnimal unastahili sifa yake peke yake. Unatoka juu ya bomba la kijito, unapinda, na ncha yake inaning'inia ndani ya kisanduku, juu kidogo ya maji ya kawaida. Sifoni kuu ikiziba, maji hupanda, yanaifunika ncha ya mrija, hewa inakatika, na bomba la kijito linageuka sifoni kamili papo hapo. Hakuna kihisi, hakuna umeme. Nalo likishindwa, maji hufika mdomo wa bomba kavu, ambalo sharti liweze kubeba mtiririko wote peke yake. Bomba hilo kavu lisiwekewe vali wala kichujio, na mwisho wake uache maji yaanguke kwa kishindo juu ya uso wa sampu, makusudi usikie.

Vali ya sifoni iwe ya geti, ile inayozungushwa mizunguko mingi. Ile ya mpini, inayofunguka kwa robo mzunguko, hukufanya urukeruke juu ya jibu bila kulikanyaga. Na mdomo wa chini wa sifoni uzame sentimita 2 au 3 tu ndani ya maji ya sampu. Ukiuzamisha sana, baada ya umeme kukatika hewa iliyonaswa bombani hushindwa kusukumwa nje, na sifoni haianzi.

Lita zilizoandikwa kwenye boksi

Upande wa kupanda, kosa ni moja: kusoma namba ya boksi. Lita 5,000 za boksi hupimwa pampu ikiwa haipandishi kitu popote. Ikipewa kimo, inapungua, na kila pampu ina grafu yake inayoonyesha inapungua vipi.

Kimo cha kuhesabu huanzia uso wa maji ya sampu hadi uso wa maji ya juu. Tuseme mita 1.5. Halafu ongeza msuguano, ambao watu huupuuza hadi uwaadhibu. Kwa lita 4,500 kwa saa, mita mbili na nusu za bomba na viwiko vinne: bomba lenye tundu la milimita 25 linaongeza kama mita 2.3 za kimo. La milimita 32 linaongeza mita 0.8. La milimita 40, mita 0.3. Kwa maneno mengine, ukitumia bomba jembamba pampu yako inahisi inapandisha karibu mita 4, wakati lenye tundu la 40 lingeiachia 1.8. Msuguano huongezeka karibu na mraba wa mwendo, kwa hiyo bomba nene ni akiba ya umeme ya kila siku, si anasa ya fundi. Mdomo wa pampu ukiwa mwembamba, panua bomba mara tu baada yake.

Kisha tafuta kwenye grafu pampu inayotoa lita 4,500 kwenye kimo ulichokipata. Ikizidi kidogo hakuna ubaya. Pampu ya kisasa inapunguzwa kwa kidhibiti, na ya kawaida inapunguzwa kwa vali upande wa kutolea, kamwe si upande wa kuvutia.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo kulinganisha kwa kweli kulipo, na huku vali haisaidii. Swali ni moja: pampu ikisimama, maji yaliyo juu ambayo hayana haki ya kubaki juu, yatatosha kwenye sampu?

Kwanza yanashuka yaliyo juu ya kizingiti. Katika tangi letu kila sentimita ni lita 14, kwa hiyo milimita 17 ni kama lita 24. Lakini bomba la kurudishia nalo linageuka sifoni, safari hii likivuta kinyumenyume, hadi mdomo wake uliomo tangini unywe hewa. Mdomo ukiwa sentimita 5 chini ya uso, jumla ni lita 70, na ongeza kama lita 10 za kisanduku na mabomba. Sampu ya sentimita 120 kwa 50 hubeba lita 6 kwa kila sentimita. Lita 80 zinataka sentimita 13 na ushei za nafasi tupu, basi acha 16. Mdomo huo huo ukiushusha sentimita 25 kwa kupenda maji yapulize chini, unaita lita 350. Maji yakimwagika hayazoleki, na hayo hayazoleki kabisa.

Dawa ni mdomo ukae karibu na uso. Wapo wanaotoboa kitundu cha kukata sifoni kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji. Ni sawa, ila mwani hupenda sana vitundu vya namna hiyo. Vali ya njia moja? Iweke ukitaka, lakini fanya hesabu ya sampu kana kwamba haipo. Chembe moja ya mchanga au ukoko wa chokaa unatosha kuizuia isifunge, na haitakuambia mpaka siku yenyewe.

Kinyume chake ni bomba la kushushia kuziba huku pampu ikiendelea. Pampu itapandisha kila kilichomo kwenye chumba chake. Chumba cha sentimita 30 kwa 50, chenye sentimita 20 za maji juu ya mdomo wa pampu, kina lita 30, ambazo pampu yetu inazimaliza kwa sekunde 24. Tangi la juu litapanda sentimita 2 na kidogo. Kama juu ya uso wa kawaida umebaki ukingo wa sentimita 4, umesalimika: pampu itavuta hewa na kupiga kelele, lakini sakafu kavu. Hii ndiyo sababu chumba cha pampu kisiwe kikubwa mno. Na usisahau kifaa cha kujazia maji yanayopotea kwa mvuke. Kitaona chumba cha pampu kimekauka na kitaanza kuleta maji, kwa nia njema kabisa. Dumu lake la lita 40 ni sentimita nyingine 3 juu, na ule ukingo wa 4 hautoshi tena. Hesabu dumu pia, au kiwekee kikomo cha muda.

Chumba hicho cha pampu ndicho kinachozaa ile hofu ya mwanzo. Tangi la juu limeshikwa na kizingiti, vyumba vingine vya sampu vimeshikwa na kuta zao, kwa hiyo kila tone linalopotea kwa mvuke huonekana sehemu moja tu. Mtu anaona maji ya pampu yanashuka siku hadi siku, anasema pampu inalishinda bomba. Ingekuwa hivyo tangi la juu lingekuwa linapanda. Pima kwanza juu. Kama juu hapajapanda, ni mvuke, au sifongo iliyoziba kati ya chumba na chumba.

Kabla ya kuingiza samaki, jaza maji matupu na uharibu kila kitu kwa mkono wako. Funga vali ya sifoni ukaone bomba la pili linavyoshika zamu. Ziba yote mawili. Kata umeme, subiri maji yatulie, weka alama ya kalamu kwenye ukuta wa sampu, urudishe umeme uone kama sifoni inaanza yenyewe ndani ya dakika mbili tatu. Rudia mara tano. Alama hiyo ya kalamu ndiyo mwisho wa kujaza pampu ikiwa imezimwa; usivuke, wala usijaze hadi hapo pampu ikiwa inafanya kazi.

Baada ya miezi kadhaa, sifoni iliyokuwa kimya itaanza kunywa hewa. Mkono utakwenda kwenye vali, uikaze robo mzunguko, na kelele itaisha. Subiri kwanza. Sifoni haijabadilika, ni pampu inayoleta maji kidogo kuliko zamani. Ivue, iloweke kwenye siki, sugua rota yake (sehemu inayozunguka ndani), irudishe, uache vali pale pale ilipokuwa.